Maneno ya gesi kwa mfugaji wa vifaranga: anza kwa kusoma mtungi

Mwezi wa saba hapa Tabora jua la mchana linawaka kama kawaida, lakini ikifika saa tisa usiku unatafuta shuka la pili. Kifaranga wa siku moja hana shuka. Wiki yake ya kwanza anataka nyuzijoto 32 hadi 35, kisha unampunguzia kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yamkae. Miaka yote joto hilo nililitafuta kwenye mkaa: majiko matatu bandani, kuamka mara mbili usiku kuongeza, na asubuhi kuokota waliozidiwa na moshi. Nilipohamia bruda ya gesi, yaani kifaa cha kuwapasha vifaranga joto, kilichonisumbua kwanza hakikuwa bei. Yalikuwa maneno. Kibati cha bruda kina maneno yake, muuza duka ana yake, fundi ana yake, na mtungi wenyewe umegongwa namba ambazo hakuna aliyejishughulisha kunieleza.

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, mitungi imejaa mitaani kuanzia Isevya hadi Ipuli. Darasa la kuusoma mtungi sijaliona. Kwa hiyo nayapanga maneno hapa kwa mfuatano utakaokutana nayo, kuanzia dukani hadi bandani. Anayepikia tu jikoni naye yumo, mtungi ni uleule.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Ukiona herufi LPG, ni gesi itokanayo na uchimbaji na usafishaji wa mafuta, iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Ndani ya mtungi huwa kuna propani, butani, au vyote viwili vikiwa vimechanganywa. Kila mahali wanaposema "gesi ya mtungi" wanamaanisha hiyo.

Kijiweni utasikia watu wakilalamika: nchi ina gesi, mbona mtungi ghali? Gesi ya Songo Songo na ile ya Mnazi Bay kule Mtwara ni nyingine kabisa. Hiyo ni gesi asilia, na sehemu yake kubwa ni methani, ambayo kwa joto letu la kawaida huwezi kuigeuza kimiminika kwa kuishindilia tu. Ndiyo maana inasafirishwa kwa bomba. Hii yetu inashuka kwa meli Dar es Salaam na Tanga, halafu inapanda malori hadi huku. Safari hiyo yote imo kwenye bei unayolipa.

Mara ya kwanza kuubeba mtungi wangu nilisikia maji yanacheza ndani. Nikarudi dukani nimekasirika, nikidhani wamenijazia maji. Yule kijana alicheka hadi akakaa chini. Kumbe gesi ndani ya mtungi *ni* majimaji. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri, kwa hiyo ukifungua valvu tu, kimiminika kinaanza kuchemka chenyewe bila moto, na mvuke wake unatoka kwa juu. Lita moja ya propani majimaji inatoa lita 270 hivi za mvuke. Hapo ndipo faida ya mtungi ilipo, na hatari yake ipo hapohapo.

Na kwa sababu mvuke unachukuliwa juu, mtungi husimama wima wakati wote. Ukiulaza, kinachoingia kwenye mpira ni majimaji, na bruda haikutengenezwa kuyapokea.

Hatua ya 2: Soma kola

Kola ni ule mkanda wa chuma unaozunguka shingo ya mtungi, wenye matundu ya kushikia. Futa vumbi kwa kidole utaona namba zimegongwa. Kama hutakumbuka kitu kingine katika mwongozo huu, kumbuka hatua hii, maana ndipo pesa yako inapopotelea.

TW, au TARE, ni uzito wa mtungi mtupu. Kila mtungi una wake, hata iliyotoka kampuni moja na kufanana rangi. Namba kubwa iliyopakwa ubavuni, 6, 15 au 38, ni kilo za gesi peke yake. Jumlisha hizo mbili upate uzito wa jumla, yaani kile ambacho mizani inapaswa kusoma. Mtungi wa 15 uliogongwa TW 14.7 unatakiwa usome 29.7. Hesabu ya darasa la tatu, lakini nimeishi na mitungi miaka miwili bila kuifanya.

Siku niliyoifanya ilikuwa hivi. Duka fulani, silitaji, mtungi wa kilo 15. Nikamwambia muuzaji auweke kwenye mizani.

"Mama, huu umejaa, tazama lakiri haijaguswa."

"Naiona, baba. Uweke tu."

Mizani yenyewe ilikuwa nyuma ya viroba vya pumba, ina vumbi la wiki kadhaa. Akaiburuta, akaweka mtungi, kishale kikasimama kwenye 27 na nusu. Kola ilisema 14.7. Kilo 2.2 hazipo. Hakubishana hata kidogo. Aliurudisha, akaleta mwingine, akaupima mwenyewe kabla sijasema. Nilijiuliza ni mara ngapi nimebeba pungufu na kushukuru.

Kwa taratibu za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, muuzaji wa gesi anatakiwa awe na mizani, na kumpimia mteja si fadhila. Usione haya kuiomba. Lakiri ya plastiki inakuambia valvu imefunikwa, haikuambii ndani mna kilo ngapi.

Kwenye kola utakuta pia WC. Hapana, siyo choo. Ni ujazo wa mtungi ukipimwa kwa lita za maji. Mtungi wa kilo 15 unakaribia lita 35 au 36. Sasa, lita moja ya gesi majimaji ina uzito wa nusu kilo na kidogo, kwa hiyo kilo 15 zinachukua kama lita 28. Zilizobaki ni nafasi tupu, na imeachwa makusudi. Wanaiita kanuni ya asilimia 80: kimiminika kisizidi sehemu nne kati ya tano za mtungi, kwa sababu kikipata joto kinavimba. Mtungi uliojazwa pomoni ukaachwa juani hauna pa kuvimbia.

Ndiyo maana wale wanaochakachua, wanaopindua mtungi wa 38 na kuhamishia gesi kwenye mtungi mdogo kwa mpira na spana, ni watu wa kuwakimbia. Wengine wanakupunja, na hao ndio afadhali. Mbaya ni anayekuzidishia bila kujua, kwa sababu hana mizani wala kipimo.

Mwisho kwenye kola ni tarehe ya kupimwa, mwezi na mwaka. Mtungi hurudishwa kiwandani kujaribiwa kwa presha kila baada ya miaka kadhaa. Ukiona kutu inayobanduka kama magamba, kitako kimeliwa, au shingo ina mbonyeo, kataa hata kama tarehe inapendeza.

Hatua ya 3: Presha na regulata

Presha ya gesi hupimwa kwa bar. Tairi la gari dogo lina kama bar 2 na kidogo. Mtungi wa propani tupu siku ya nyuzi 30 unakaribia bar 10, wa butani tupu haufiki hata 2, na mchanganyiko unaangukia katikati. Jiko la kawaida la nyumbani linataka milibar 30 tu, na bar moja ni milibar 1,000. Kuielewa milibar 30, chukua mrija wa soda, uzamishe kwenye ndoo kina cha rula ya mwanafunzi, upulize mpaka mapovu yatoke. Presha ya jiko ndiyo hiyo. Regulata ni kile kidude cha kichwani mwa mtungi kinachoishusha presha ya bar mpaka pumzi ya mdomo.

Kuna regulata za presha ndogo, ambazo zimefungwa kiwandani na hazina cha kuzungusha, na za presha kubwa, zenye kitasa cha kuongeza na kupunguza. Hizi za pili ndizo za majiko makubwa ya mahoteli na za bruda nyingi. Usichague kwa macho wala kwa ushauri wa jirani. Tazama kibati cha bruda, tafuta namba iliyoandikwa mbar au bar, kisha tafuta namba hiyohiyo kwenye regulata. Regulata ya hotelini ukiifunga kwenye jiko la plati mbili la nyumbani, moto utaruka juu ya sufuria na mpira utaanza kulalamika kwenye klipu.

Kingine: si kila regulata inaingia kila mtungi. Midomo ya valvu inatofautiana. Ukihama kampuni, nenda dukani na regulata yako mkononi.

Regulata ina kitundu kidogo cha kupumulia, watu wengi hawakijui. Bandani, vumbi la maranda na manyoya hukiziba, na regulata isiyopumua haidhibiti presha sawasawa. Kisafishe kwa brashi kavu ya meno, usikichokoe kwa sindano. Ama mpira, nunua wa gesi, wenye maandishi hayo ubavuni. Mpira wa maji unaliwa na gesi polepole, unakuwa mgumu, unapasuka mahali pasipoonekana.

Hatua ya 4: Nguvu ya bruda, na mtungi utakaa siku ngapi

Hapa ndipo kW na BTU zinapowatoa watu jasho. Fikiria LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Yuniti moja ya umeme ni kilowati moja kwa saa moja. Kilo moja ya gesi, ikiungua vizuri, inatoa joto sawa na karibu yuniti 13. Mtungi wa 15 basi ni kama yuniti 190 zilizofungwa kwenye chuma.

Bruda yangu imeandikwa kW 3. Maana yake ikifunguliwa yote inakula yuniti 3 kwa saa. Gawanya kwa 13: kama robo kilo ya gesi kila saa. Kilo 15 zinakwisha ndani ya saa 60 na kitu, siku mbili na nusu bila kuzima. Nilipopata jibu hilo nilikaa kimya kidogo. Halafu nikaelewa kwa nini mwenzangu wa Cheyo huwasha usiku tu, na mchana hushusha moto mpaka alama ya chini kabisa huku akifunika pembe za banda kwa viroba ili joto lisikimbie. Banda lenye mianya linachoma gesi kuliko vifaranga wanavyoihitaji.

BTU ni kipimo cha Waingereza kinachopendwa na Wamarekani: kW 1 ni BTU 3,412 kwa saa. Ukiona bruda imeandikwa BTU 10,000 usishtuke na hizo sifuri, ni ndogo kidogo kuliko kW 3. Wauzaji wengine hupenda kuitaja hiyo kwa sababu namba inaonekana kubwa.

Mara nyingine kibati kinaandika g/h au kg/h. Hayo ni matumizi kwa saa, gramu au kilo, na hesabu umeshafanyiwa.

Jambo moja kuhusu joto lenyewe. Wakulima wa tumbaku wa Urambo wanalijua joto la hewa: ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, mabomba yanapashwa kwa moto wa kuni, hewa inapata joto na kupanda, majani yanakauka. Bruda haifanyi hivyo. Kile kigae au wavu unaowaka rangi ya chungwa unatoa mnururisho, joto linalokwenda moja kwa moja hadi kwenye kitu, kama jua linavyokupiga mgongoni huku upepo ni wa baridi. Kwa hiyo kipimajoto ukikitundika juu ukutani kitakudanganya. Kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga. Au tazama vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya bruda wana baridi, wakikimbilia kuta huku midomo wazi wamezidiwa na joto, wakisambaa wakila, waache.

Hatua ya 5: Mtungi unapotoa jasho

Kuchemka kunataka joto, na kimiminika hulichukua kwenye chuma cha mtungi. Ndiyo sababu mtungi unaofanya kazi kubwa unapoa, unatoa jasho, na ukizidiwa unaota barafu nyembamba kama unga. Moto unadhoofika na watu wanasema gesi imeisha. Haijaisha. Mtungi mdogo umepewa mzigo mkubwa, hauwezi kutoa mvuke kwa kasi inayotakiwa. Mtungi wa kilo 6 kwenye bruda kubwa usiku wa Julai utakuonyesha hilo kabla ya saa saba. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi, au mitungi miwili iliyounganishwa na fundi anayejua.

Kwenye mchanganyiko, propani hutangulia kutoka kwa wingi kwa sababu huchemka upesi, butani hubaki nyuma. Basi robo ya mwisho ya mtungi huwa na moto wa kivivu, hasa kwa baridi. Ni kawaida.

Kujua kilichobaki bila mizani: mwagia ubavu wa mtungi kikombe cha maji ya uvuguvugu, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Mahali chuma kinapogeuka kuwa cha baridi ghafla ndipo usawa wa kimiminika ulipo. Maji ya uvuguvugu, nasema, na kikombe kimoja. Nimeona mtu ameutia mtungi kwenye beseni la maji ya moto "uamke". Huo siyo ujanja, ni kucheza na bar nisizotaka kuzikaribia.

Hatua ya 6: Sehemu za moto

Bana ni sehemu inayowaka. Nozeli, au jeti, ni kitundu chembamba kinachorusha gesi kwenye bana. Upana wake umepimwa kwa aina ya gesi na presha yake, kwa hiyo fundi anayetaka kuupanua kwa waya "ili moto uongezeke" mrudishie waya wake.

Jiko likiwaka vizuri moto ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kupaka masizi, gesi inakosa hewa au tundu za bana zimezibwa. Moto usiopata hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua kuku na mwenye kuku. Mkaa huitoa kwa wingi zaidi, na naamini baadhi ya vifaranga niliosema walikufa kwa "kideri" enzi zile waliuawa na hiyo. Gesi imepunguza tatizo bila kuliondoa: acha uwazi wa hewa juu ya kuta, hata usiku wa baridi.

Paileti ni kamoto kadogo kanakokaa kakiwaka ili kuwasha bana. Kando yake kuna ncha ya chuma kama msumari: themokapo. Ikiwa ya moto inazalisha umeme kidogo sana unaoshikilia valvu wazi. Moto ukizimwa na upepo, ncha inapoa na valvu inajifunga yenyewe. Kwa sababu hiyo unapowasha unabonyeza kitufe na kukishikilia nusu dakika hivi: unasubiri ncha ipate moto.

Bruda yangu ilianza kuzima kila nikiachia kitufe. Fundi mmoja akaja, akafanya kazi dakika kumi, ikawaka bila hata kubonyeza. Nikamlipa na chai juu. Mwanangu ndiye aliyeona, siku mbili baadaye: alikuwa ameifunga ile valvu ibaki wazi daima. Yaani upepo ungepuliza moto, gesi ingeendelea kumwagika usiku kucha juu ya vifaranga 300. Ugonjwa wenyewe ulikuwa vumbi la maranda kwenye ncha. Mtungi umefungwa, bruda imepoa, kipande cha msasa laini, mara nne tano, basi.

Hatua ya 7: Harufu na povu

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa kabichi iliyooza hutiwa makusudi, kemikali ya jamii ya merkaptani, ili pua ikuambie. Tatizo la mfugaji ni kwamba banda nalo linanuka: amonia ya mbolea inaifunika. Pua yako ikizoea hapo ndani, haikusaidii tena. Kwa hiyo usitegemee harufu. Koroga sabuni ya unga, paka kwa brashi kwenye valvu, regulata na klipu zote mbili za mpira kila ubadilishapo mtungi. Povu likivimba, panavuja. Kiberiti hakipimi uvujaji.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Haipandi, inatambaa chini, usawa wa vifaranga, inajaza mashimo na mifereji. Na haihitaji kujaa banda zima: asilimia 2 hivi hewani inatosha kushika moto. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, toka, na usiwashe wala usizime swichi yoyote, kwani kuzima nako kunatoa cheche.

Mtungi wangu haulali bandani. Uko nje, chini ya mwembe, wima juu ya tofali, na mpira unapita ukutani kwenye kipande cha bomba ili usikwaruzwe. Mlangoni nimetundika daftari la mtoto lenye safu nne: tarehe, TW, mizani ilisema ngapi, mpira ulibadilishwa lini. Wa juzi: TW 14.6, mizani 29.5. Pungufu gramu 100. Muuzaji alinitazama akisubiri nitasema nini, nikamwambia beba twende.